Kitunguu hakimwongezei mbwa damu, kinaivunja

Katika yote ninayoyasikia kutoka kwa wenye mbwa wanaonijia kutoka Mikindani, Nanyamba na Tandahimba, hakuna linalonichosha kama hili: mbwa amepauka ufizi na ameishiwa nguvu, na kwa siku kadhaa amekuwa akinyweshwa supu ya vitunguu maji na vitunguu saumu, kwa kuwa mwenyewe amesikia kwamba vitunguu vina antioksidanti, yaani viini vya kuzuia oksidisho, na kwamba antioksidanti husafisha damu. Kwamba vitunguu vina antioksidanti ni kweli, na binadamu na avile kwa raha zake. Kwa mbwa ni sumu ya damu, na mbwa aliyekwisha kupungukiwa damu ndiye wa mwisho anayepaswa kupewa.

Chembe nyekundu ya damu huelemewa upesi na msongo wa oksidisho, yaani uharibifu unaoletwa na kemikali kali zitokanazo na oksijeni, kwa sababu imebeba oksijeni na madini ya chuma kwa pamoja, na haina kiini cha kuiwezesha kutengeneza protini mpya pale zilizopo zinapoharibika. Kinga yake ni glutathaioni na vimeng'enya kama katalasi, ambacho katika chembe za mbwa ni hafifu. Misombo ya salfa iliyomo kwenye vitunguu, ikishatafunwa na kumeng'enywa, huzaa vioksidishaji vinavyoimaliza glutathaioni hiyo. Hapo sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, hugeuka methemoglobini, isiyoweza kubeba oksijeni, na sehemu nyingine huganda na kuwa vipande vidogo viitwavyo miili ya Heinz, ambavyo hunata kwenye utando wa chembe na kuudhoofisha, hata chembe ikaondolewa na wengu au ikapasukia ndani ya mishipa.

Madhara huonekana kwa mbwa aliyekula gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 tu zinatosha, yaani kitunguu kimoja kikubwa, na mbwa ambaye akiba yake ya damu imeliwa na babesia, kimelea cha damu kinacholetwa na kupe, hana cha kujitetea nacho. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Wala sikubali hoja ya kwamba alikunywa jana na leo yuko salama, kwa maana dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: mkojo wa rangi ya chai ya rangi, ufizi uliopauka au wenye ukahawia, kuhema hata akiwa amelala. Kwa hiyo huwaambia wateja wangu wamtengee mbwa samaki wake kabla vitunguu havijaingia chunguni, badala ya kumsubirishia mabaki ya mchuzi.

Dhana ya pili ni kwamba kila mbwa aliyepungukiwa damu anahitaji madini ya chuma, ndiyo maana huletwa akiwa amekwisha kunyweshwa vidonge vya wajawazito, rozela au maji ya matembele. Chuma kina kazi pale damu inapotoka mwilini, kama kwa mbwa anayenyonywa na minyoo ya safura au kupe wengi, na hata hapo ni baada ya kuwaondoa wanyonyaji hao. Babesia huzivunja chembe ndani ya mwili, na chuma chake hubaki humo humo. Kukiongeza ni kuchochea oksidisho, kwani chuma kilicho huru kikikutana na haidrojeni peroksaidi huzalisha vioksidishaji vikali zaidi. Dawa hapo ni ya kuua kimelea, kwa mfano diminazini, kwa kipimo cha daktari.

Panadol ya kushusha homa ya kupe? Hapana. Ini la mbwa likiivunja paracetamol kwa wingi, glutathaioni ile ile ndiyo inayotumika hadi ikaisha, na kinachofuata ni kuharibika kwa ini na damu kuwa ya kahawia.

Juisi ya machungwa kwa ajili ya vitamini C nayo haina maana, kwa kuwa ini la mbwa hujitengenezea vitamini hiyo. Vitamini E huweza kusaidia pamoja na tiba, chini ya uangalizi, lakini haijawahi kuua babesia hata mmoja.

Lipo pia lile la kwamba mbwa wa kienyeji, hasa wanaolinda mashamba ya korosho, hawadhuriwi na kupe. Wengi wao huhimili maambukizi, naam, ila kuhimili huko huvunjika mbwa anapodhoofishwa na njaa, mimba au minyoo. Watoto wa mbwa ndio huathirika mapema zaidi: huambukizwa safura kupitia maziwa ya mama, na wanaweza kufa kwa kukosa damu kabla mayai ya minyoo hayajaonekana kwenye kinyesi. Basi dawa ya minyoo ianze wakiwa na umri wa wiki 2, na mama yao apewe siku hiyo hiyo.