Eti saa sita kivuli chaisha? Mambo ya jua tunayowafunza watoto vibaya

Nafunza PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) hapa Malindi na kila muhula mtoto haachi kuniuliza, "Ticha, jua lalala wapi?" Wengi washaambiwa nyumbani lalala baharini. Sasa Malindi hiyo hata haishiki, manake bahari yetu iko mashariki, jua latokea huko na kutua nyuma bara. Na halilali popote, dunia ndo yajizungusha, saa 24 mzunguko mmoja, kwetu kukiwa usiku kuna wenzetu wako mchana. Chora doa kwenye chungwa liwe Malindi, funga madirisha, washa tochi ya simu, zungusha pole pole. Mtoto wa miaka mitano aielewa hapo hapo.

Ile inayoniudhi zaidi ni hii, eti sisi tuko karibu na ikweta basi kila siku saa sita jua liko utosini na kivuli hakuna. Si kweli! Malindi jua lakaa utosini kabisa mara mbili tu kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzo wa Oktoba, na Machi hata si saa sita kamili, ni kama saa sita na nusu, kwa sababu saa ya Kenya imepangwa kwa mstari ulioko mashariki yetu. Siku zingine kivuli kipo. Watoe watoto uwanjani Juni saa sita na nusu, utaona kivuli chaelekea kusini na urefu wake ni kama nusu ya mtoto mwenyewe, halafu rudi nao Disemba, kimehama chaelekea kaskazini! Chora kwa chaki miezi yote miwili kwenye sakafu ya simiti, hapo huhitaji kitabu.

Kuna na hii ya msimu wa kaskazi, eti joto ni kali manake jua limesogea karibu. Ni kweli mwanzo wa Januari dunia iko karibu kidogo na jua, kilomita milioni 147, na Julai ni milioni 152. Lakini Januari hiyo hiyo Waitaliano waja kwetu wakikimbia baridi, kwani jua lao ni lingine? Kwao baridi ni vile dunia imeinama, huku kwetu upepo wa kusi ndo hutuletea mawingu na ubaridi.

Rangi ya manjano tunayowapa wapake, sawa waache wapake, ila jua ukiliona kutoka angani nje ni jeupe. Wala si moto wa makaa, ni haidrojeni inayogeuka heliamu, katikati joto lafika nyuzi milioni 15.

Sasa hili si la mchezo. Watu wasema ukivaa miwani nyeusi, au ukishika filamu ya eksirei, au ukiangalia kwenye beseni la maji, waweza kutazama jua. Hapana. Sehemu ya ndani ya jicho haina maumivu, yaungua bila mtoto kulia. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, Luxor kule Misri litafunikwa lote, sisi mchana huo litamegwa tu. Kama hamna ile miwani maalum ya kupatwa kwa jua, wakalisheni watoto chini ya makuti yenye matundu, walipe jua mgongo, waangalie sakafuni: vile viduara vya mwanga vitaonekana vimemegwa, na hapo hakuna jicho litakaloumia.