Mzee akizirai kwa maumivu ya kiuno, mfikirie aota kabla ya mawe ya figo

Watu wengi waliopasuka aota, ule mshipa mkuu wa damu, ndani ya tumbo hawafiki hospitalini wakishika kifua. Wanafika wakishika kiuno. Wengine wanalalamikia tumbo, au paja, au hata korodani. Ndiyo maana huku kwetu Kisumu ugonjwa huu huandikwa majina mengine kwanza: vidonda vya tumbo, mawe ya figo, taifodi, mgongo wa uzee. Mimi ni daktari wa upasuaji, na mgonjwa wa namna hii anapoletwa kwetu aghalabu ameshapewa jina moja kati ya hayo, pamoja na dawa yake. Simlaumu sana aliyelitoa, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni mjanja. Lakini yako mambo machache ambayo ukiyaona pamoja kwa mtu wa umri fulani lazima ushtuke, na kuyaona hakuhitaji mashine.

Aota ndiyo mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Hupanda kidogo, hujikunja, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo mpaka usawa wa kitovu, na hapo hugawanyika mara mbili kuelekea miguuni. Ndani ya tumbo upana wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 2. Ukifika 3 tunasema mshipa umevimba, hali ambayo madaktari huiita anyurizimu. Mara nyingi uvimbe huo hutokea chini kidogo ya mishipa ya figo, na unaweza kukua miaka mingi bila mwenyewe kusikia chochote. Ukuta ukishalegea, kila pigo la moyo linausukuma nje, na kadiri mshipa unavyotanuka ndivyo mkazo kwenye ukuta unavyozidi, hata kama presha haijapanda. Ni kama tyubu ya baiskeli inayochungulia kwenye tairi lililochanika. Hairudi ndani yenyewe.

Adui mkubwa wa ukuta huo ni sigara. Kisha kuna umri, presha ya juu, kuwa mwanamume, na kuwa na baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua hivyo. Kisukari, ambacho siku hizi hulaumiwa kwa kila jambo, hapa hakimo. Wenye kisukari huupata uvimbe huu kwa uchache kuliko wenzao.

Sasa, mshipa huo ukipasuka, mengi yanategemea umepasukia upande gani. Ukipasukia mbele, damu humwagika ndani ya tumbo lililo wazi na mtu hufa kabla hata jirani hajapata boda. Ukipasukia nyuma, kwa kawaida kushoto, damu huingia katika nafasi finyu iliyo kati ya utando wa tumbo na misuli ya mgongo. Nafasi hiyo hubana. Presha ya mgonjwa inashuka, damu inaganda pale kwenye tundu, na kwa muda uvujaji unapungua. Mtu aliyezirai anaamka. Anaomba maji. Anasema anajisikia nafuu. Muda huo unaweza kuwa saa moja au saa kadhaa, na huyo ndiye mgonjwa pekee tunayeweza kumwokoa. Kwa bahati mbaya, ndiye pia anayefanana zaidi na mtu asiye na shida kubwa.

Acha niwachoree mmoja, mambo yake nimeyageuza asijulikane. Mzee wa miaka sabini na ushei, zamani utingo wa lori, sigara tangu ujana. Alfajiri akiwa msalani kiuno cha kushoto kilimshika ghafla, akaanguka. Mkewe alimkuta ameketi chini, shati limelowa jasho, lakini anaongea. "Ni kiuno tu, mama, nisaidie niinuke." Kemisti wa mtaani akamdunga diklofenaki, dawa ya maumivu. Jua lilipopanda wakampeleka kwenye kituo cha afya kwa bodaboda, yeye katikati na kijana nyuma akimshikilia. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mkojo ulikuwa na chembe za damu. Presha 112/70. Aliyempima akamwambia, "Presha yako ni nzuri, mzee," akaandika mawe ya figo.

Aliyeligeuza jambo hilo ni binti yake, ambaye alikuwa amebeba kitabu cha kliniki ya presha, kile cha kurasa thelathini na mbili chenye jalada la karatasi ya kaki. Nesi wa zamu alikifungua ili aandike dawa, akaona mwezi uliopita 168/94, mwezi wa nyuma yake 172/96. Akarudi kwa mwenzake: "Daktari, huyu baba presha yake si hii." Wakampima tena. Mapigo yalikuwa 110, vidole vya miguu baridi, na kijasho kilikuwa bado hakijakauka.

Hapo ndipo ningependa wenzangu wa vituo vidogo wakae kidogo. Presha ya 112 ni nzuri kwa kijana. Kwa mtu ambaye mishipa yake imezoea 170 kwa miaka, hiyo ni presha iliyoanguka. Na mapigo nayo yanaweza kudanganya: mzee anayekunywa atenololi ya presha anaweza kuvuja damu nyingi na moyo wake bado ukapiga 80 kwa dakika, kwa sababu dawa inauzuia kukimbia. Kwa hiyo uliza presha yake ya kawaida ni ngapi, na anakunywa dawa gani. Kama hajui, mtu wa nyumbani anajua, au kitabu kinajua.

Tukija kwenye maumivu yenyewe, jambo la kwanza ni ghafla. Mgonjwa anaweza kukuambia alikuwa akifanya nini yalipoanza. Ni makali, hayakatikatiki, na hayabadiliki sana akigeuka au akilala. Yanaweza kuwa ya tumbo katikati, ya mgongo, ya ubavu, au yakashuka kwenye kinena na korodani, kwa kuwa damu inayotambaa nyuma ya tumbo hukandamiza neva zinazokwenda huko. Hapo ndipo mawe ya figo yanapoingia. Na chembe za damu kwenye mkojo hazimalizi ubishi, maana zinaweza kuonekana hata aota ikiwa ndiyo inayovuja. Kanuni yangu ni hii: mtu aliyevuka miaka 60, hajawahi kuwa na mawe maishani mwake, na leo anaonekana ana mawe, ana tatizo la aota mpaka nimeona kwa macho yangu kwamba hana.

Kuzirai ndiyo dalili ninayoiheshimu kuliko zote. Mawe ya figo yanaweza kumfanya mtu agaegae na kutapika. Kumwangusha chini mzee aliyekuwa amesimama si kawaida yake. Watu wa nyumbani hawalisemi hili wasipoulizwa, kwa sababu kwao mzee "alishikwa na kizunguzungu tu" na sasa yuko sawa. Uliza moja kwa moja: alianguka? Aliwaitikia mlipomwita? Alitokwa na jasho?

Kuna dalili ambayo vitabu huipenda, uvimbe unaodunda tumboni. Mlaze mgonjwa chali, akunje magoti, weka mikono miwili bapa juu kidogo ya kitovu, kila mmoja upande wake, ubonyeze taratibu. Ukisikia mikono yako inasukumwa kando kwa kila pigo, mmoja huku na mwingine kule, hiyo ni aota iliyotanuka. Mtu mwembamba unaweza kusikia mpigo wa kawaida, lakini huo unainua vidole tu, hauvitenganishi. Usiogope kwamba utaipasua kwa kubonyeza. Kupima kwa utaratibu hakupasui. Ila usijitulize ukikosa kuusikia. Mwenye kitambi, tumbo lililojaa gesi, au presha iliyoshuka sana huuficha. Maumivu, presha kushuka na uvimbe unaodunda, vyote vitatu kwa pamoja, huonekana kwa chini ya nusu ya wagonjwa. Anayengoja vitimie atangojea maiti. Michubuko ya zambarau ubavuni au kuzunguka kitovu nayo huja kwa kuchelewa, ikija.

Hata Albert Einstein alikuwa na uvimbe huu. Mwaka 1948 daktari wa upasuaji Rudolph Nissen alimpasua New York, akaizungushia aota yake selofani, ile karatasi nyembamba inayong'aa ya kufungia vitu, ili ukuta upate kovu la kuushika. Einstein alikwenda nayo mpaka Aprili 1955, na ilipoanza kuvuja maumivu yakafanana na ya kifuko cha nyongo. Alikataa kupasuliwa tena, akafa Princeton akiwa na miaka 76.

Kama kituo chako kina ultrasaundi, hata ile ndogo ya wajawazito, iweke tumboni kabla ya kufanya lolote linalochukua muda. Inatosha kukuonyesha upana. Haitakuonyesha vizuri damu iliyovujia nyuma, kwa hiyo usiandike "haijapasuka" kwa sababu hukuona damu. Aota ya sentimita 6 kwa mzee mwenye maumivu na aliyezirai imepasuka, basi. CT, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, ni nzuri kwa yule ambaye presha yake imetulia. Kwa anayezama, safari ya kwenda kwenye mashine hiyo inaweza kuwa ya mwisho.

Na dripu. Najua mkono unawasha ukiona presha 85. Ukimiminia lita mbili za maji ya chumvi, presha itapanda, damu iliyoganda kwenye tundu itang'oka, na damu iliyobaki itakuwa nyepesi isiyoganda vizuri. Maadamu mgonjwa anakuitikia na anakuelewa, presha ambayo namba yake ya juu iko kati ya 70 na 90 inavumilika mpaka afike theata. Weka sindano mbili nene mkononi, chukua damu ya kupima kundi, mpe dawa ya maumivu ya aina ya mofini kwa kiasi kidogo kidogo, usimpe diklofenaki nyingine, na asile wala kunywa. Anachohitaji kikubwa kuliko maji ni damu, na kuliko damu ni mtu wa kubana ule mshipa.

Kwa hiyo rufaa isiwe ya ngazi kwa ngazi. Ukiwa Ahero, Maseno au Bondo, kumpeleka kwenye hospitali ambayo nayo itaandika barua ya kumpeleka kwingine ni kumalizia muda wake barabarani. Piga simu kwanza, iwe ni hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu au ya Moi kule Eldoret, uulize kama theata iko wazi, kama damu ipo, na kama yupo wa kuupasua mshipa huo. Usiseme "mgonjwa wa tumbo." Sema: "Nashuku aota imepasuka, mwanamume wa miaka 70, alizirai saa kumi na mbili, sasa presha 90, anaongea." Sentensi hiyo huamsha watu. Ndugu waelezwe ukweli wakiwa bado pale. Ukihesabu na wanaofia nyumbani, karibu wanane kati ya kumi hufa. Hata kwa wanaofika mezani, upasuaji wa wazi hupoteza kama wanne kati ya kumi. Bila upasuaji karibu hakuna anayepona.

Nimesema sana wazee, na huku kwetu hilo halitoshi. Virusi vya UKIMWI huweza kudhoofisha ukuta wa mishipa mikubwa, na uvimbe wake hutokea kwa watu wa miaka thelathini au arobaini, mahali pasipotarajiwa, wakati mwingine zaidi ya mmoja. Kifua kikuu na kaswende ya muda mrefu pia huweza kuugusa mshipa huu. Na kuna bakteria ya Salmonela, hata ile isiyo ya taifodi, ambayo katika maeneo ya ziwa huingia kwenye damu ya wenye kinga dhaifu. Ina tabia ya kujificha kwenye ukuta wa aota na kuutafuna. Mtu mwenye homa isiyokwisha, maumivu ya mgongo, na tumbo linalodunda, umri wake usikupumbaze.

Kuchanika kwa aota kifuani ni mada nyingine. Itoshe kusema kwamba maumivu yake huanza ghafla kifuani na kuhamia mgongoni, na presha ya mkono mmoja inaweza kupishana na ya mwingine, kwa hiyo pima yote miwili.

Uvimbe uliogunduliwa kabla haujapasuka ni mambo tofauti kabisa. Uingereza kila mwanamume huitwa apimwe kwa ultrasaundi mwaka anaotimiza miaka 65. Marekani hushauri wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara wapimwe mara moja. Huku inabidi mtu aombe mwenyewe. Kama una umri huo na uliwahi kuvuta, au baba yako alifariki ghafla kwa "tumbo" lisiloeleweka, siku ukifanyiwa ultrasaundi kwa sababu yoyote mwambie anayepima aipime aota pia, aandike sentimita ngapi. Chini ya 3 ni salama. Kuanzia 3 hadi 4.4 rudi kila mwaka, kuanzia 4.5 hadi 5.4 kila miezi mitatu, na sigara iishe leo. Ikifika 5.5 kwa mwanamume, au karibu 5 kwa mwanamke, tunakaa chini na familia kuzungumza kuhusu upasuaji wa kupanga: ama kufungua tumbo na kushona mrija wa kitambaa mahali pa ule mshipa, ama kuupitisha mrija huo kupitia kinena.