Kukabidhi uamuzi kazini: dhana potofu na ukweli wake

Katika viwanda, mashamba ya mkonge, vikundi vya mwani na ofisi za Tanga, wasimamizi wengi wameshakaa kwenye semina za kuwawezesha wafanyakazi. Wakirudi kazini, wapo wanaoacha kila kitu kijiendee, na wapo wanaoongeza maneno mazuri huku kila uamuzi, hata wa kununua bolti, ukisubiri simu yao. Timu inaumia kwa namna zote mbili. Anayetaka watu wake wafanye kazi kwa uwezo wao wote aanze kwa kujifunza jambo moja: namna ya kumkabidhi uamuzi mtu aliye karibu na kazi, na mipaka ya uamuzi huo ikiwa wazi.

Dhana: Kuwawezesha watu ni kuwaachia wafanye waonavyo

Mtu aliyeachiwa bila mipaka huvuka mahali asipopaswa kuvuka, au huogopa na kuja kuuliza kila kitu. Hili la pili ndilo linaloonekana zaidi, na bosi huishia kulalamika kwamba watu wake hawajiongezi.

Chukua zamu ya korona, yaani mashine inayotenganisha nyuzi na jani la mkonge. Majani ya mkonge yakishakatwa yanatakiwa yapite kwenye mashine mapema, ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu yakianza kukauka nyuzi husafishika kwa shida na daraja linashuka. Trekta la kubeba majani likiharibika saa 3 asubuhi na meneja yuko mjini kwenye kikao, msimamizi wa zamu asiye na ruhusa ya kukodi jingine atabaki kupiga simu isiyopokelewa. Mpaka jioni majani yako shambani, mashine imesimama na watu wamekaa bure.

Kukabidhi vizuri kuna sehemu 5, na zote zinaenea kwenye nusu ukurasa wa daftari. Kwanza, uamuzi wenyewe utajwe: kukodi trekta la dharura. Pili, mpaka: tuseme hadi Sh 150,000 kwa siku, na ikizidi hapo apige simu kwanza. Tatu, taarifa: namba za wenye matrekta, bei iliyozoeleka, ratiba ya ukataji wa wiki. Nne, nyenzo: fedha ya dharura na ufunguo wa stoo. Tano, wakati wa kutoa taarifa: jioni ileile, kwa ujumbe mfupi wenye kiasi na sababu. Ukimaliza, mwombe akueleze alivyoelewa kwa maneno yake mwenyewe. Kumuuliza "umeelewa?" hakusaidii, maana jibu ni lilelile siku zote: "ndiyo, bosi."

Panapokwama zaidi ni kwenye nyenzo. Mtu anaambiwa yeye ndiye mkuu wa zamu, lakini fedha na ufunguo vimebaki mfukoni mwa aliyemteua. Cheo cha namna hiyo kinamdhalilisha mbele ya anaowaongoza, na wanaowajibika kwake hujifunza haraka kumruka na kumfuata meneja moja kwa moja.

Jambo jingine lisemwe wazi mapema. Uamuzi una ngazi 4: ya kwanza, angalia uniletee taarifa; ya pili, pendekeza, niamue mimi; ya tatu, fanya kisha uniambie; ya nne, fanya, huna haja ya kuniambia. Ugomvi mwingi kati ya bosi na msaidizi wake hutokana na mmoja kudhani wako ngazi ya pili na mwenzake kuamini wako ya tatu. Itaje ngazi siku unayokabidhi, na isogeze juu mtu anapozoea.

Dhana: Ukiwaambia "jitahidini mwezavyo", watatoa kilicho bora

Edwin Locke na Gary Latham, watafiti wa malengo kazini, wameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba lengo mahususi na gumu kiasi huleta kazi bora kuliko agizo la "fanya uwezavyo". Sababu yake inaeleweka: asiye na kipimo huridhika na chochote alichofikia, na hawezi kujua amebakiza nini.

Kwenye kikundi cha mwani cha pwani ya Mkinga, "tuwe makini na ubora" hakumpi mtu la kufanya. Anachoweza kukishika ni hiki: mwani uvunwe ukifika kama wiki 6, uanikwe kwenye kichanja na usiguse mchanga, ufunikwe mvua ikitishia, na gunia litakalokutwa na mchanga au vipande vya kamba inayofungiwa mwani lirudi kuchambuliwa kabla ya kwenda kwenye mizani. Hapo kila mama anajikagua mwenyewe bila kumsubiri mwenyekiti. Na hana budi, kwa sababu kazi ya mwani hufuata bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Maji yakishatoka, mwenye kuamua ni yule aliyeinama kwenye kamba.

Tahadhari moja: kazi ikiwa mpya na ngumu, lengo la idadi linaweza kumvuruga anayejifunza. Mpe kwanza lengo la kujifunza, mfano ajue njia 3 za kugundua kamba ambayo mwani wake umeanza kushambuliwa na ugonjwa. Idadi ya kamba ifuate baadaye.

Dhana: Makosa yakisemwa waziwazi, nidhamu inaporomoka

Amy Edmondson, mtafiti wa timu kazini, alipochunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali huko Marekani, alikuta jambo lililomshangaza: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Maelezo aliyofikia ni kwamba hazikuwa zikikosea zaidi. Watu wake walikuwa huru zaidi kuyasema. Kwenye timu yenye hofu makosa yapo vilevile, ila yamefichwa mpaka yawe hasara.

Kwetu kuna ugumu wa ziada unaotakiwa kuheshimiwa. Kijana wa pwani amelelewa asimsahihishe mtu mzima mbele ya watu, na malezi hayo ni mema. Kiongozi asimwombe kijana ayavunje, amtengenezee njia. Kwenye kikao aanze kumuuliza mdogo kabla wakubwa hawajazungumza, au apite kwenye mashine yake asubuhi, wakiwa wawili:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine inasemaje leo?"

"Inafanya kazi, mzee."

"Na kipi kinakutia wasiwasi?"

"Beringi ya upande huu. Tangu jana inapiga kelele, na ukiigusa ni ya moto."

Swali la pili ndilo lililoleta habari. La kwanza lilipata jibu la adabu tu. Sasa sentensi ya kwanza ya bosi baada ya hapo ndiyo itakayoamua kama kijana huyu atasema tena: "Umefanya vizuri kuniambia. Tuisimamishe saa ngapi?" Akisema "kwa nini hukusema jana?", kesho hataambiwa kitu.

Nidhamu haipotei. Kuteleza kwa bahati mbaya hurekebishwa kwa kubadili utaratibu. Kukosea kwa kutojua hurekebishwa kwa mafunzo. Kuvunja kanuni kwa makusudi, kama kuondoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka, ndiko kunakostahili hatua za kinidhamu. Anayeyaadhibu yote matatu sawa huishia kutoambiwa lolote.

Dhana: Haki ni kuwaongoza wote kwa namna moja

Mgeni aliyeachwa peke yake anahisi ametelekezwa, na fundi wa miaka mingi anayechungwa anahisi anadharauliwa. Fuata mpangilio huu: ufanye wewe akiangalia, mfanye pamoja, afanye yeye ukiangalia, kisha afanye peke yake. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, kwa kuwa inamtaka bosi akae kimya mikono ikiwa nyuma.

Dhana: Ukiwapa watu imani, hawatadai malipo

Hii inaudhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kumwambia mtu "sisi ni familia" ili akae mpaka usiku bila malipo ni kumdhulumu, na aliyedhulumiwa hajitolei kwa moyo. Lipa kwanza. Baada ya hapo ndipo sifa zinapofanya kazi, na ziwe za jambo alilofanya: "ulivyopanga magunia kwa daraja, mnunuzi hakurudisha hata moja." Sifa tupu kama "wewe ni hodari" hazimwonyeshi mtu cha kurudia kesho.

Dhana: Ukishakabidhi, lawama si yako tena

Mbele ya wakubwa wako, uamuzi wa msaidizi wako ni wako. Ukienda vibaya, kaa naye na muulizane mambo matatu: je, alivuka mpaka? Alikosa taarifa gani? Mpaka wenyewe uliwekwa mahali sahihi? Kama hakuvuka mpaka, usimnyang'anye madaraka kwa kosa moja. Mwongezee taarifa, au punguza kiasi kwa mwezi mmoja huku mkikagua kila wiki. Ikibidi uamuzi wake utenguliwe palepale kwa ajili ya usalama, utengue, kisha umweleze sababu yeye mwenyewe siku ileile kabla wenzake hawajazisikia kwa mtu mwingine.