Chemchemi imepanda, lakini mvua bado haijafika

"Chemchemi ilipanda saa 3 baada ya mvua, kwa hiyo maji ya mvua husafiri chini kwa saa 3." Jamani, hapana. Kilichofika kwa saa 3 ni msukumo.

Chukua mpira wa kumwagilia bustani uliolala juani. Fungua bomba: maji yanatoka papo hapo, ila ni ya moto, yaleyale yaliyoshinda ndani. Mifereji ya asili iliyo chini ya ardhi, ndani ya mawe ya chokaa, ikijaa hufanya hivyohivyo. Basi pamoja na mtiririko, pima upitishaji umeme wa maji (hupanda kadiri madini yaliyoyeyuka yanavyozidi) kila dakika 15, uliosahihishwa kwa nyuzi joto 25 za Selsiasi. Mtiririko utapanda huku upitishaji ukibaki palepale, au hata kuongezeka kidogo, maana maji yanayosukumwa yamekaa na jiwe siku nyingi. Ukianza kushuka, ndipo maji mapya yanapofika.

Tope nalo hudanganya. Mara nyingi huja mara mbili. La kwanza ni mashapo ya mferejini yaliyotibuliwa na mkondo. La pili huja upitishaji ukishuka, na hilo ndilo la kuogopa, kwa kuwa huja na vimelea vya kinyesi kutoka juu. Anayechota sampuli kwenye tope la kwanza akaondoka ataandika kwamba maji ni salama.

Halafu kuna hesabu ya mchanganyiko. Upitishaji wa chemchemi awali ni mikrosimensi 480 kwa sentimita, wa maji ya mvua yanayozama shimoni 80, kiwango cha chini kabisa cha grafu 400: upitishaji umeshuka 80 kati ya tofauti ya 400, yaani maji mapya ni asilimia 20. Hesabu tamu, na siiamini sana. Mvua inayopita udongoni hubeba kaboni dioksidi, huyeyusha chokaa njiani, na huweza kufika imevaa sura ya maji ya zamani. Hiyo 20 isome kama "angalau".

Msimu? Milimita 40 za mvua mwishoni mwa kiangazi zaweza kuishia udongoni zote. Juu ya udongo ulioshiba, zilezile huleta mafuriko. Na mfereji usiojaa hauna msukumo wa haraka.

Mvua ikikatika, mchoro wa mtiririko kwa kipimo cha logi (logarithimu) huonyesha mteremko mkali, kisha wa polepole. Mifereji hukauka kwanza, nyufa ndogo baadaye, ndivyo tunavyofundishwa. Labda. Sogeza siku ya kuanzia, na mteremko nao unabadilika.

Ukitaka muda wa safari, mwaga uranini (rangi ya kijani inayong'aa) kwenye shimo linalomeza maji, uvizie rangi chemchemini. Jibu ni la mtiririko wa siku hiyo tu. Kiangazi mwaga tena.