Safari ya Ng'ambo na Mbwa Msaidizi na Kiti Mwendo: Panga Kwanza Namna ya Kurudi

Kila Desemba inapokaribia, maswali ya aina moja huongezeka mezani kwetu. Mtu anaishi Amsterdam, London au Minneapolis, anatumia kiti mwendo, ana mbwa msaidizi, na anataka kuja kuwaona wazazi Arusha au Kakamega. Tiketi ameshakata. Anachouliza ni kama mbwa ataruhusiwa kupanda ndege. Mara nyingi huruhusiwa, ilimradi karatasi zipo. Kinachowakwamisha watu ni kumrudisha mbwa yule yule alikotoka, na hilo hutengenezwa miezi kadhaa kabla ya safari, mbwa akiwa bado kwao.

Kwa wasiomfahamu mbwa huyu: wengi wamewahi kusikia habari za mbwa anayemwongoza asiyeona. Wako pia waliofunzwa kumsaidia mtu wa kiti mwendo. Huokota funguo zilizoanguka, huvuta mlango kwa kamba iliyofungwa kwenye kitasa, hubonyeza swichi ya taa, humvua mtu soksi, na mwenyewe akianguka huenda kumwita mtu wa chumba cha pili. Afrika Mashariki mbwa wa namna hii ni wachache mno, ndiyo maana maofisa wengi wa viwanja vyetu hukutana naye kwa mara ya kwanza abiria akiwa tayari yuko kaunta.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachoamua kalenda

Ugonjwa huu bado upo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Nchi zilizoutokomeza hazicheki na mtu katika hilo, na kazi ya mbwa haimpi msamaha wa chanjo.

Kwa Umoja wa Ulaya, mbwa anayetoka kwetu apite hatua zinazofuatana bila kurukwa. Kwanza anawekewa chini ya ngozi chipu, yaani kidude kidogo chenye namba ya kumtambulisha. Kisha anachanjwa, chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Zikipita siku zisizopungua 30 anatolewa damu, na maabara iliyoidhinishwa lazima ikute kinga ya angalau 0.5 kwa kipimo cha uniti za kimataifa kwa mililita. Halafu inasubiriwa miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Piga hesabu mwenyewe: mbwa anayeanzia sifuri Dar es Salaam hawezi kufika Uholanzi kabla ya miezi 4.

Aliyetoka Ulaya ana njia fupi ambayo wengi huikosa kwa kutojua tu. Mbwa akitolewa damu huko huko kabla ya kuja, na majibu mazuri yakaandikwa kwenye pasipoti yake ya Ulaya, ile miezi 3 haidaiwi wakati wa kurudi. Kazi yote ni kumfikisha kwa daktari wa mifugo mapema. Majibu hayo yanabaki halali ilimradi chanjo ya kurudia haikuchelewa hata siku moja. Ikichelewa, mnaanza upya.

Uingereza nayo inataka kipimo hicho cha damu kwa mbwa anayetoka nchi zetu, pamoja na dawa ya minyoo ya tegu. Dawa hiyo ina ukorofi wake: hutolewa na daktari wa mifugo kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya mbwa kuingia, naye aandike tarehe na saa. Ireland, Finland, Malta na Norway zinadai vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba dawa itatolewa huku kwetu, katika siku za mwisho za likizo, wakati ambao watu wako kijijini wanaaga. Mtafute daktari tangu wiki ya kwanza, na umwonyeshe karatasi atakayoijaza.

Marekani ilibadilisha masharti yake tarehe 1 Agosti 2024. Mbwa awe ametimiza miezi 6, awe na chipu, na fomu ya kumwingiza ijazwe mtandaoni. Nchi zetu zimo katika orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjwa Marekani anahitaji pia cheti maalumu cha chanjo hiyo, kilichojazwa na daktari aliyesajiliwa na kugongwa muhuri na idara ya kilimo ya huko kabla mbwa hajatoka. Asipokuwa nacho, wakati wa kurudi atahesabiwa kama aliyechanjwa ng'ambo: vipimo vya damu, kiwanja maalumu cha kuingilia, nafasi ya kulipia katika kituo cha wanyama, na pengine karantini. Cheti hicho hakipatikani ukiwa Nairobi. Tumewahi kuona machozi kwa karatasi hii moja.

Kuingia kwetu ndiko kwepesi zaidi, lakini kibali kinatakiwa. Kwa Kenya kinatoka kwenye Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete. Kwa Tanzania Bara, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Zanzibar ina mamlaka yake, basi uliza upya kabla hujavuka bahari. Kwenda Ulaya, mbwa asiye na pasipoti ya Ulaya atahitaji cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, ambacho ukikichukua mapema mno kitapitwa na wakati: ni siku 10 tu kufika mpakani. Na ukiwa huku, mkinge mbwa na kupe. Homa zinazoletwa na kupe wetu huwaangusha haraka mbwa waliokulia kwenye baridi.

Sheria hufuata ndege

Watu hudhani haki aliyonayo mtu akiwa Ulaya anasafiri nayo mfukoni. Sivyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006 inamlinda kila anayeondoka katika kiwanja cha Ulaya, kwa ndege ya kampuni yoyote: mbwa msaidizi anayetambuliwa anakaa naye kabini, vifaa viwili vya kutembelea vinabebwa bure, na msaada wa kiwanjani haulipiwi, mradi ametoa taarifa saa 48 kabla. Ukitoka Nairobi kwenda Amsterdam, kampuni ya Ulaya bado inafungwa na wajibu wa kumpokea mbwa na kiti. Kampuni isiyo ya Ulaya, kwenye njia hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, haifungwi. Hapo unategemea utaratibu wake yenyewe, na utaratibu huo uupate kwa maandishi.

Sheria ya Marekani inagusa ndege zote zinazokwenda na kutoka huko moja kwa moja, hata za kigeni. Tangu Januari 2021 inamtambua mbwa pekee, aliyefunzwa kazi mahususi. Mnyama wa kumliwaza mtu tu hamo tena. Kampuni inaweza kudai fomu ya afya, tabia na mafunzo ya mbwa, na kwa safari ya saa 8 au zaidi fomu ya pili, inayothibitisha kwamba mbwa hatajisaidia ndani ya ndege au kwamba atafanya hivyo bila kuchafua. Nairobi hadi New York ni saa 15 hivi, basi hiyo fomu ya pili si ya kupuuza. Anayepitia Ghuba aulize pia masharti ya nchi ya kuunganishia. Huko, kwa utaratibu wa siku nyingi wa Emirates, wanaoruhusiwa kabini ni mbwa wa kuwaongoza wasioona na, kwa baadhi ya safari za Pakistan, kozi wa kuwindia. Kila mtu na mnyama wake wa heshima.

Kiti: pima, piga hesabu, piga picha

Ukisema tu "natumia kiti mwendo", wakala wa tiketi anaweza kukuandikia alama isiyokufaa. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi lakini anajikongoja ndani ya kabini. WCHC ni wa kubebwa hadi kwenye siti. Ukiandikiwa ya kwanza nawe ni wa tatu, siku ya safari hakuna kiti chembamba cha kupita ujiani, na gari la kuinulia abiria limekwenda kwenye ndege nyingine. Sema alama yenyewe, kisha hakikisha imeonekana kwenye uthibitisho wa tiketi. Mbwa naye ana yake: SVAN.

Kwa kiti cha umeme, soma kibandiko cha betri. Kama betri ya lithiamu imetengenezwa ili mtumiaji aitoe, mwisho ni wati-saa 300, nawe unaingia nayo kabini. Zikiwa mbili, kila moja isizidi 160. Kibandiko kikionyesha volti na ampea-saa tu, zidisha. Volti 24 kwa ampea-saa 12 ni 288: inapita. Volti 24 kwa ampea-saa 20 ni 480: hiyo inayotolewa haipandi. Betri iliyofungwa ndani ya kiti na kukingwa vizuri, au ya jeli isiyomwagika, ina masharti mengine yaliyo mepesi zaidi. Kibandiko kilichofutika ni tatizo hata kama betri yenyewe inafaa, kwa sababu ofisa wa kaunta hana namna ya kujua.

Pima pia urefu wa kiti mgongo ukiwa umekunjwa. Mlango wa mizigo wa Boeing 737 uko chini ya sentimita 90 kwa kimo, wakati ndege kubwa za masafa marefu zina milango ya mita moja u nusu na zaidi. Kiti kilichofika Nairobi bila shida kinaweza kugoma kuingia kwenye ndege ya kwenda Mombasa, au kikalazwa ubavu na vijana wa mizigo wasiojua usukani wake ulipo. Ndege ndogo kuliko zote katika safari yako ndiyo ya kupimia.

Ng'oa kidhibiti cha kuendeshea kama kinang'oka, egemeo la kichwa na mto, uingie navyo. Bandika mgongoni mwa kiti karatasi yenye picha: hapa pa kuinulia, hapa pa kulegezea magurudumu, hapa pasishikwe. Maneno machache, Kiingereza na Kiswahili. Kipige kiti picha pande zote mbele ya mtu wa kaunta. Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, unaweka kikomo cha fidia ya mzigo kuwa SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), takriban dola 2,000 za Marekani, na kiti cha umeme mara nyingi kimezidi hapo mara kadhaa. Mkataba unakuruhusu kutangaza thamani halisi kabla ya kukikabidhi. Kampuni inaweza kutoza ada. Uliza.

Siku yenyewe

Mto wa hewa unaoukalia kwenye kiti una hesabu yake. Shinikizo la kabini hushushwa hadi linalingana na kimo cha karibu mita 2,400. Mto uliojazwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, hukazana kama mpira angani. Punguza hewa kidogo baada ya kuruka. Anayepanda Nairobi, palipo juu tayari, hataona tofauti kubwa, ila akitua Dubai mto umelegea na mifupa imegusa chini. Aliyepooza hahisi hayo yanapotokea, na kidonda cha mgandamizo huanza ndani ya saa chache. Jinyanyue au uegemee pembeni kila baada ya nusu saa.

Wengine huacha kunywa maji tangu jana yake ili wasihitaji choo. Msifanye hivyo. Ndege nyingi kubwa zina kiti chembamba cha kukufikisha chooni, lakini wahudumu hawakusaidii ndani ya choo, basi zungumza na daktari mapema kuhusu katheta (mrija wa mkojo) au nepi. Mbwa mpe chakula kidogo saa kadhaa kabla, maji kwa vipande vya barafu, na afike nje mara ya mwisho kabla ya ukaguzi. Viwanja vikubwa vya Marekani vina sehemu ya mbwa kujisaidia ndani ya eneo la abiria; vya kwetu usitegemee.

Katika kubebwa kuingia kitini, mtu na mbwa hutenganishwa kwa dakika chache. Mbwa ndipo anapotahayari, na anayebeba ndipo anapoogopa. Ongoza wewe: "Kaka, mwache mbwa akae hapo kwanza, hatakugusa. Wewe pitisha mikono chini ya makwapa, mwenzako ashike chini ya magoti, nikisema tatu ndipo tunyanyue." Wakishakusikia unajua unachotaka, hofu hupungua.

Pwani kuna jingine. Mchukuzi Mwislamu anaweza kukataa kushika kamba ya mbwa kwa sababu ya mate yake, hasa akiwa na wudhu. Hajakunyima haki yoyote. Haki yako ni kusafiri na mbwa, wala si lazima kila mtu amguse. Omba mwenzake ashike kamba, au uifunge kwenye kiti chako, naye asukume tu. Wasimamizi wa zamu wapange hilo kabla ya ndege kufika, badala ya kuwaachia abiria na kijana wa watu wabishane mlangoni.

Ukitua, dai kiti chako kiletwe mlangoni mwa ndege ikiwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibandiko chake cha mzigo. Kijaribu palepale: mbele, nyuma, kushoto, breki. Ukiona kasoro, andikisha ripoti ya mzigo ulioharibika kabla hujatoka ukumbini, upewe nakala. Kisha malalamiko ya maandishi yaifikie kampuni ndani ya siku 7 tangu ulipopokea kiti. Baada ya hapo Mkataba wa Montreal unakufungia mlango. Siku hizo 7 zinahesabu na zile utakazokuwa kijijini kwa wazazi, na mtandao wa huko mnaujua wenyewe. Tuma barua pepe, pamoja na picha, kabla gari halijatoka mjini.