Je, Tomte wa Uswidi Alileta Zawadi Tangu Kale?

Wengi huamini kwamba jultomte, mzee mwenye ndevu na kofia nyekundu anayewaletea watoto wa Uswidi zawadi za Krismasi, amefanya kazi hiyo tangu enzi za kale. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa jina na umbo lake vimetoka kweli katika masimulizi ya zamani.

Hata hivyo, tomte wa masimulizi hayo hakuwa mgawaji wa zawadi. Alikuwa roho mlinzi mwenye umbo la mzee mdogo, aliyevaa kijivu na kutunza shamba na mifugo, na yeye ndiye aliyepewa: bakuli la uji wenye siagi usiku wa Krismasi. Kisa kinachoeleza vizuri zaidi tabia yake, kwa maoni yangu, ni cha tomte aliyemuua ng'ombe kwa hasira akidhani amenyimwa siagi, kisha akaikuta chini ya uji, akajuta na kumtafutia mwenye shamba ng'ombe mwingine.

Katika karne ya 19 mleta zawadi alikuwa mbuzi wa Krismasi, ambaye sanamu zake za mabua bado huwekwa majumbani. Tomte alichukua nafasi yake kuelekea mwisho wa karne hiyo, akisaidiwa na picha za magazeti na kadi.

Anayetaka kuhakiki aangalie kwanza mwaka wa picha au simulizi aliyonayo, kisha achunguze ni nani humo anayetoa na nani anayepokea.