Jeni kuwepo ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine

Nikisema kazi yangu ni kupima uthabiti wa mazao ya GMO, yaani yaliyopandikizwa jeni maabara, watu huniuliza kama jeni iliyopandikizwa leo itakuwepo baada ya vizazi vitano. Hilo ndilo rahisi kulijibu. Tunachuma majani machanga ya kila kizazi, tunatoa DNA, tunaikata kwa vimeng'enya na kuipitisha kwenye jeli yenye umeme. Vipande vifupi hukimbia, virefu hubaki nyuma. Tunavihamishia kwenye utando wa nailoni na kuisaka jeni yetu kwa kipande cha DNA kinachoshikamana nayo. Ni njia ya Edwin Southern, ya mwaka 1975, na bado inategemewa. Mstari ukitokea palepale vizazi vyote, hakuna dalili kwamba jeni imehama au kukatika.

Halafu tunahesabu. Mmea wenye nakala moja ya jeni ukijichavusha, miche mitatu kati ya kila minne huirithi. Kwenye miche 200 nategemea 150. Nikipata 143 sina wasiwasi. Nikipata 120, nasimamisha kazi nitafute sababu.

Lakini jeni inaweza kuwepo, nzima kabisa, na isifanye lolote. Mwaka 1990 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Cologne, Ujerumani, walipanda shambani petunia zipatazo 30,000 zenye jeni ya mahindi iitwayo A1, inayoyapa maua rangi ya tofali. Maua ya mwanzo wa msimu yalitoka na rangi yake. Joto lilipozidi, mengi ya baadaye yalififia. Jeni ilikuwa palepale. Kilichobadilika ni alama za methili, vibandiko vidogo vya kemikali, zilizojibandika kwenye promota, sehemu inayoiwasha jeni. Kipimo cha Southern cha kawaida kingeipitisha mimea ile bila swali. Ndiyo maana siridhiki na data za msimu mmoja, wala za banda la kioo peke yake. Protini ipimwe kwenye jani, mzizi na mbegu, shambani, kwenye jua na ukame.

Muhogo nao una mambo yake. Juni 2021 Kenya iliidhinisha muhogo 4046, unaostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kinga yake haitokani na protini mpya bali na vipande vidogo vya RNA vinavyonyamazisha virusi, kwa hiyo ELISA, kipimo cha maabara cha protini, haina cha kupima. Unapima RNA yenyewe, kisha unaunganisha kikonyo chenye virusi kwenye mmea uone kama utaugua. Na kwa kuwa mkulima hupanda pingili, uthabiti unafuatwa msimu hadi msimu wa kupanda pingili, si kwa mbegu pekee.

Tena kuna hili, ambalo naliona zito kuliko yote: utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba mihogo yenye kinga ya asili dhidi ya batobato, ugonjwa mwingine wa virusi vya muhogo, kinga ya aina iitwayo CMD2, huipoteza ikioteshwa upya maabara kupitia viinitete vya tishu, yaani mimea michanga inayokuzwa kutoka kwenye tishu badala ya mbegu. Hata ile isiyopandikizwa jeni yoyote! Mstari kwenye utando hauwezi kukuambia hivyo.

Kwa hiyo nikipokea faili la maombi ya kuidhinisha zao, kabla ya picha za jeli naangalia kama kuna mimea ya kulinganisha iliyopitia maabara bila kupandikizwa jeni, na kama ilijaribiwa shambani penye batobato. Isipokuwepo, naomba iongezwe kabla sijaendelea kusoma.